Nafsi ya Kwanza na Mtutu wa Bunduki: Hamu ya Michezo ya Zamani ya Ufyatuaji Ikitazamwa kutoka Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hamu ya kuirejea michezo ya kompyuta ya ufyatuaji ya miaka ya 1990, pamoja na matoleo mapya yanayoifufua, kwa kuitazama kutoka Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba hamu hiyo hutegemea umbali kati ya mchezaji na bunduki halisi, na kwamba katika mpaka wa Mpondwe umbali huo haujapatikana. Kwa kuwa aina hii ya mchezo imepewa jina kutokana na istilahi ya sarufi, yaani nafsi ya kwanza, makala yanatumia viambishi nafsi vya Kiswahili kuonyesha tofauti ya anayelenga na anayelengwa. Hatimaye yanapendekeza namna ya kuunda istilahi za michezo hii wakati ambapo Kiswahili kinapewa nafasi mpya katika shule za Uganda.

1.0 Utangulizi

Tarehe 10 Desemba 1993 kampuni ya id Software ya jimbo la Texas, Marekani, ilitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa Doom. Mchezaji hakuona mwili wa mhusika wake. Aliona mkono, bunduki na ukumbi ulio mbele yake, na chini ya skrini aliona uso uliozidi kuvuja damu kadiri alivyojeruhiwa. Mhusika huyo hakupewa jina, ili kila mchezaji ajihesabu kuwa ndiye. Kutokana na mtazamo huo aina nzima ya michezo iliitwa michezo ya ufyatuaji ya nafsi ya kwanza.

Zaidi ya miaka thelathini baadaye michezo hiyo imekuwa kitu cha kukumbukwa kwa mapenzi. Watu waliokuwa vijana katika miaka ya 1990 wanaisimulia kama sehemu ya utoto wao, na kampuni zinaifufua kwa faida. Katika mijadala ya namna hii, kumbukumbu ya kundi moja hugeuzwa kwa urahisi kuwa kumbukumbu ya kizazi kizima cha dunia. Makala haya yanauliza jambo jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, hamu hiyo husomekaje mahali ambapo miaka ileile hukumbukwa kwa milio ya bunduki isiyokuwa ya mchezo?

2.0 Miaka inayotamaniwa

Historia ya michezo hii ni fupi na tarehe zake zinajulikana. Wolfenstein 3D ilitolewa Mei 1992, ikifuatiwa na Doom mwaka 1993, Quake mwaka 1996, GoldenEye 007 mwaka 1997 na Half-Life mwaka 1998. Mwaka 1999 wapenzi wa Half-Life waliitumia kutengeneza Counter-Strike, mchezo wa vikundi viwili vinavyowindana.

Mambo matatu yaliifanya michezo hiyo ipendwe na hatimaye itamaniwe. La kwanza ni njia ya usambazaji. Sehemu ya kwanza ya Doom ilitolewa bure, na kila aliyekuwa nayo aliruhusiwa kumnakilia mwenzake. La pili ni ufundi wa kucheza: mwendo wa kasi, njia za kupotezana, milango ya siri na funguo za rangi, bila maelezo marefu. La tatu, na pengine lililo kubwa kuliko yote, ni uwazi. Wachezaji waliweza kuchora ramani zao wenyewe, na Desemba 1997 msimbo chanzo wa Doom uliwekwa hadharani. Tangu hapo mchezo huo umehamishiwa katika mashine za kila aina, na jamii ya watu wanaoutunza haijawahi kukatika.

Ufufuaji wa siku hizi umejengwa juu ya msingi huo. Doom mpya ilitoka Mei 2016. Mwaka 2018 ilitoka Dusk, mchezo mpya uliochorwa kwa makusudi kwa maumbo ya pembepembe ya miaka ya 1990. Mwaka 2021 Quake ilisafishwa na kutolewa upya. Kinachouzwa katika matoleo haya si picha bora tu. Kinauzwa pia kipindi, yaani wakati ambao mnunuzi anaamini ulikuwa wa raha isiyo na mashaka.

Hata hivyo, bunduki ya skrini haikuwahi kuachana kabisa na bunduki ya kambini. Mwaka 1996 kikosi cha wanamaji wa nchi kavu cha Marekani kiliigeuza Doom II kuwa chombo cha kuwafundisha askari wake kushirikiana katika vikundi vidogo. Mwaka 2002 jeshi la nchi kavu la nchi hiyo lilitoa mchezo wake lenyewe, America's Army, kwa lengo la kuvutia vijana kujiunga nalo. Kwa hiyo hata katika nchi ilikozaliwa, michezo hii ilitumika pia kama njia ya kuelekea katika vita halisi.

3.0 Miaka hiyohiyo chini ya Rwenzori

Kasese ilikua kuwa mji kutokana na reli iliyofika hapo mwaka 1956 na shaba ya Kilembe. Umbali mfupi kuelekea magharibi iko Bwera, na baada yake Mpondwe, mpaka unaotazamana na Kasindi ya Kongo. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo wanazungumza lugha zinazoelewana, na soko la mpakani linawakutanisha kwa wingi.

Historia ya eneo hili tangu uhuru haiwezi kusimuliwa bila silaha. Harakati za Rwenzururu zilianza mwaka 1962 na kumalizika kwa maafikiano mwaka 1982. Tarehe 13 Novemba 1996, miezi michache baada ya Quake kutolewa, waasi wa kundi la ADF walivuka mpaka na kushambulia Mpondwe na Bwera. Miaka iliyofuata maelfu ya wakazi wa milimani na mabondeni katika wilaya za Kasese na Bundibugyo waliishi katika kambi za waliohamishwa. Mwezi Juni 1998, katika wilaya jirani ya Kabarole, wanafunzi wengi wa Chuo cha Ufundi cha Kichwamba walichomwa moto wakiwa mabwenini.

Miaka ya ufufuaji nayo haikuwa tulivu. Mwaka 2016, Doom iliporejea sokoni, Kasese ilishuhudia tarehe 26 na 27 Novemba mapambano yaliyoishia katika jumba la mfalme wa Rwenzururu, ambapo zaidi ya watu 100 waliuawa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe ilishambuliwa. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na bweni likateketezwa.

Tarehe hizi haziwekwi sambamba ili kudai kwamba michezo ya Texas ilisababisha maafa ya Rwenzori. Madai hayo hayana msingi. Zinawekwa sambamba kwa sababu hamu ya zamani ni dai kuhusu wakati, na wakati haukuwa mmoja. Mtu aliyezaliwa mwaka 1984 katika kitongoji kimoja cha Marekani na mwenziwe aliyezaliwa mwaka huohuo Bwera wote wana umri wa kuikumbuka mwaka 1996. Wa kwanza huenda anaikumbuka kwa chumba chenye kompyuta. Wa pili anaikumbuka kwa njia aliyopita akikimbia.

4.0 Kiambishi *ni* mwanzoni na katikati

Jina la aina hii ya michezo linamwalika mwanaisimu atumie zana zake. Katika Kiswahili, nafsi ya kwanza umoja huwakilishwa na kiambishi *ni*. Katika kitenzi *nilimpiga*, kiambishi hicho hukaa mwanzoni na kumtaja mtenda. Katika *alinipiga*, sauti ileile huingia katikati na kumtaja mtendwa. Msemaji ni yuleyule na silabi ni ileile. Kilichobadilika ni nafasi yake katika kitenzi, na pamoja nayo hali nzima ya tukio.

Michezo ya ufyatuaji huiweka nafsi ya kwanza mwanzoni karibu wakati wote: nimeona, nimelenga, nimefyatua. Mchezaji anaweza kupigwa pia, lakini kupigwa huko ni kikwazo cha muda. Akibonyeza kitufe anarudi alipoanzia. Simulizi la anayeshambuliwa huenda kinyume. Humo kiambishi huhamia katikati, *walitukuta*, *walituchomea*, au kitenzi hugeuzwa kuwa cha kutendwa: *tulihamishwa*. Mara nyingi umoja pia hugeuka wingi, kwa kuwa anayekimbia vita hukimbia na watoto, wazee na majirani.

Hivyo kauli kwamba michezo hii humpa kila mtu nafsi ya kwanza ni kweli nusu. Inampa nafsi ya kwanza ya mtenda. Nafsi ya kwanza ya mtendwa, ambayo ndiyo waliyoishi watu wengi wa Bwera, haimo katika mfumo wake. Mtu huweza kuitamani bunduki ya zamani kwa utulivu ikiwa hajawahi kuwa katikati ya kitenzi.

5.0 Kiswahili cha amri na Kiswahili cha soko

Suala hili lingebaki la kinadharia kama lisingegusa sera ya lugha. Kiswahili nchini Uganda kina urithi wa pande mbili. Kilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles, kikaendelea kutumika jeshini na katika polisi, na mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa na serikali ya kijeshi ya Idi Amin. Kwa sababu hiyo Waganda wengi wamekisikia kwanza kama lugha ya amri, hasa ile iliyotolewa na mtu aliyeshika bunduki. Upande wa pili ni wa soko. Huko Mpondwe Kiswahili ni lugha ya bei, ya mizigo na ya kuulizana habari na watu wa Beni na Butembo.

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Kipindi hicho kinakwenda pamoja na kuenea kwa simu zenye michezo ya ufyatuaji, kama vile Call of Duty: Mobile iliyotolewa mwaka 2019. Mtoto anayejifunza Kiswahili darasani ndiye atakayehitaji maneno ya mchezo ulio katika simu ya kaka yake.

Ni maneno gani atapewa? Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa swali. Mtafsiri wa michezo akitafuta jina la mhusika mkuu, neno la kwanza kumjia ni *shujaa*. Lakini tangu Novemba 2021 majeshi ya Uganda na Kongo yanaendesha dhidi ya ADF operesheni iliyopewa jina hilohilo, Operesheni Shujaa. Huko Dodoma au Mombasa neno hilo ni la hadithi na la michezo. Bwera linasikika pia katika taarifa za vita vinavyoendelea ng'ambo ya mpaka. Vivyo hivyo kwa *adui*, *kikosi* na *kuua*. Istilahi inayoonekana kuwa safi katika chumba cha kamati huweza kufika mpakani ikiwa imekwisha kubeba mzigo.

6.0 Nafsi nyingine zilizokwisha jaribiwa Uganda

Uganda haianzi sifuri katika kazi ya kuigeuza bunduki ya skrini. Katika vibanda vya video, filamu za kigeni za mapigano zimesimuliwa kwa miaka mingi na wale wanaoitwa VJ, ambao hutafsiri, hutania na kuwapa wahusika majina ya mitaani. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliiingiza sanaa hiyo ndani ya filamu yenyewe: *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 inasikika pamoja na sauti ya VJ Emmie. Hapo mtazamaji haachwi peke yake nyuma ya mtutu. Yuko miongoni mwa watu wanaocheka, na msimulizi anamkumbusha kila mara kwamba anatazama mchezo. Nafsi ya kwanza umoja imegeuzwa kuwa wingi.

Mfano wa pili unatoka kaskazini. Lual Mayen, aliyezaliwa familia yake ikikimbia vita vya Sudan, alikulia katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Alijifunza kutengeneza michezo kwa kompyuta aliyonunuliwa na mama yake baada ya kuweka akiba kwa miaka mitatu. Mchezo wake, *Salaam*, humweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekimbia hatari akitafuta maji na chakula. Mchezaji bado yumo katika tukio, ila sasa yuko upande wa anayefukuzwa. Kile ambacho michezo ya miaka ya 1990 haikukiwaza kimewazwa na kijana wa kambini.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya hayapendekezi kupiga marufuku wala kubeza. Ufundi wa michezo ya zamani ni wa kweli, na wanaoipenda wana sababu. Vijana wa Kasese nao wana haki ya kucheza wanachocheza vijana wenzao duniani. Kinachopendekezwa ni uangalifu wa namna tatu.

Kwanza, vyombo vinavyosanifu istilahi za Afrika Mashariki vipime maneno ya michezo ya ufyatuaji katika maeneo yaliyopitia vita kabla ya kuyachapisha. Istilahi ya mchezo itofautishwe na istilahi ya jeshi pale inapowezekana. Kwa mfano, *kumtoa mchezoni* hueleza tukio la skrini kwa usahihi kuliko *kumuua*, kwa kuwa aliyetolewa hurudi.

Pili, maonyo ya umri na maudhui yaandikwe kwa Kiswahili na, kwa wilaya ya Kasese, kwa Lukonzo pia. Mzazi wa Bwera aweze kujua kilichomo katika mchezo kabla ya mtoto aliyepoteza ndugu kukutana nacho.

Tatu, somo la uwazi wa msimbo lichukuliwe kwa uzito. Doom imedumu kwa sababu watu wengine waliruhusiwa kuibadilisha. Zana huria za namna hiyo zikiwekwa katika shule za sekondari za mpakani, pamoja na maelezo ya Kiswahili, wanafunzi wataweza kutunga michezo yenye *tu* ya soko, ya safari na ya kukimbia, badala ya kuazima tu *ni* ya mfyatuaji.

Vitabu na mitaala ya Kiswahili kwa ajili ya Uganda inahitaji msamiati wa teknolojia sasa. Maneno yatakayoingizwa humo yatasomwa Mpondwe, katika madarasa ya watoto wanaoikumbuka tarehe 16 Juni 2023. Hao nao wahesabiwe miongoni mwa wasemaji ambao istilahi hizo zinatungwa kwa ajili yao.