Okot p'Bitek na Swali la Wazee

Wengi humjua Okot p'Bitek kwa shairi lake refu la Song of Lawino, lililochapwa Nairobi mwaka 1966, ambamo mwanamke wa Kiacholi amlalamikia mumewe aliyezitupa desturi za kwao. Ni wachache wajuao ya kuwa kazi yake, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ilikuwa kukusanya nyimbo, ngano na methali za wazee na kuchunguza maana yake. Shairi lenyewe lilichipuka katika kazi hiyo, nayo kazi hiyo yastahili kujulikana kwa heshima yake yenyewe.

Alizaliwa mwaka 1931 mjini Gulu, kaskazini ya Uganda. Baba yake, Jebedayo Opi, alikuwa mwalimu wa shule. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mtungaji na mwimbaji aliyesifika. Kijana alisoma Gulu, kisha Budo, kisha katika chuo cha ualimu cha Mbarara. Mwaka 1953 alitoa kitabu cha hadithi katika Kiacholi, Lak Tar. Akawa mwalimu, tena akawa mchezaji hodari wa kandanda, hata mwaka 1956 alisafiri kwenda Uingereza pamoja na timu ya Uganda. Wenzake waliporudi, yeye alibaki asome: ualimu huko Bristol, sheria huko Aberystwyth, na mwisho, mwaka 1960, elimu ya desturi za mataifa katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Huko Oxford mambo yalimkera tangu siku ya kwanza. Katika mhadhara wa mwanzo kabisa alimsikia mwalimu akiwataja Waafrika kwa majina ya dharau, kana kwamba ni watu wasio na akili timamu. Okot alipinga, asisikilizwe. (Na tusijione kuwa sisi tu safi: neno “mshenzi” ni la Kiswahili, na watu wa pwani walilitumia kwa majirani zao wa bara muda mrefu kabla ya kuja kwa maprofesa hao.) Hata hivyo hakuondoka. Alikaa akaandika juu ya nyimbo za Waacholi na Walango, akatunukiwa shahada mwaka 1963.

Ghadhabu ile ilizaa kitabu kilichotoka mwaka 1970, African Religions in Western Scholarship. Humo amesimulia kisa ambacho kila mkusanyaji wa masimulizi angepaswa kukijua. Mwaka 1911, asema, mapadri wa Kiitalia waliketi na wazee wa Kiacholi, wakawauliza ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno lenye maana ya kufanya kitu pasipo kitu, kwa hiyo swali liliwafikia wazee kama kwamba waulizwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walishangaa. Walijibu kuwa hawajui, kwani mtu huzaliwa na mama yake. Mapadri hawakuridhika, wakazidi kuuliza. Ndipo mzee mmoja alipokumbuka ya kuwa mtu aliyezaliwa mzima aweza baadaye kupatwa na maradhi ya uti wa mgongo, mgongo ukapinda na mwili ukawa kama uliofinyangwa upya. Na roho iletayo maradhi hayo iliitwa Rubanga. Basi wakajibu kuwa ni Rubanga. Jina la roho ivunjayo migongo likatiwa katika vitabu vya dini kuwa ndilo jina la Mwenyezi Mungu.

Msomaji atazame vema. Wazee hawakusema uongo, wala mapadri hawakukusudia hila. Kilichopotoka ni swali, nalo swali lilipopotoka jibu halikuweza kunyoka. Sisi wa Kiswahili tusicheke upesi, maana hata neno letu “kuumba” asili yake ni udongo mikononi mwa mfinyanzi. Ni matumizi ya karne nyingi yaliyolipa maana yake ya leo. Kwa hiyo Okot alitaka mtafiti ajue lugha ya watu kwanza, aketi nao, acheze ngoma zao, ndipo aulize.

Si wataalamu wote waliokubaliana naye. Aliwashutumu hata Waafrika wenzake, Jomo Kenyatta na John Mbiti miongoni mwao, kwamba waliivika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani ili ipendeze machoni pa Wazungu. Hapo naona alizidisha ukali, kwani Kenyatta aliandika mwaka 1938, wakati ambapo kuitetea tu desturi ya Mwafrika kwa maandishi kulihitaji ushujaa.

Ukali huo huo ulimgharimu. Mwaka 1966 alipewa kuongoza nyumba ya utamaduni ya taifa mjini Kampala. Mwaka 1968, akiwa safarini Zambia, alisema maneno ya kuilaumu serikali ya nchi yake, akapoteza kazi. Akaja Kenya. Mwaka huo huo aliandaa tamasha kubwa la sanaa mjini Kisumu, na tangu mwaka 1971 akawa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Alikuta Nairobi imekwisha kuchangamka. Oktoba 1968 Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wamependekeza kwamba fasihi ya Afrika, pamoja na masimulizi ya mdomo, iwekwe katikati ya masomo ya chuo hicho, badala ya fasihi ya Kiingereza. Septemba 1974 walimu walikutana Nairobi School kuzungumza juu ya mafunzo ya fasihi ya Afrika katika shule za Kenya. Mwanafunzi anayefundishwa leo vitendawili na ngano darasani ananufaika na mabishano ya miaka ile.

Katika miaka hiyo Okot alitoa Horn of My Love (1974), mkusanyo wa nyimbo za Kiacholi pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, kisha Hare and Hornbill (1978), mkusanyo wa ngano. Pembe itajwayo katika jina la kile cha kwanza ni ile ambayo kijana wa Kiacholi aliipuliza kwa mlio wake mwenyewe, akatambulikana angali mbali. Vitabu hivyo ni vizuri, lakini havina sauti, na mkusanyaji mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mwaka 1971 serikali ya Kenya ilianzisha Bomas of Kenya kule Langata, kwa upande wa kuelekea Karen, ili watu walipe kiingilio na kutazama ngoma za makabila. Okot alifundisha kuwa kijijini ngoma haina mtazamaji: afikaye uwanjani huimba, hupiga makofi, au hucheza. Nadhani pahali kama pale pameziokoa ngoma kadhaa zisisahauliwe, ila mtu aliyeketi kitini hajui ngoma kama ajuavyo aliyetoka jasho.

Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, Okot alirudi Uganda. Mwaka 1982 Chuo cha Makerere kilimpa uprofesa wa utungaji, akiwa wa kwanza kuushika, lakini Julai ya mwaka huo huo akafariki, umri wake miaka 51. Methali za Kiacholi alizokuwa amezikusanya zilichapwa Nairobi mwaka 1985.