Faili Linapomfikia Jirani

Kwa nfumu, yaani mganga mpiga ramli, wa Kisukuma, mgonjwa hajielezi. Kuku hupasuliwa, viungo vyake vikasomwa, na nfumu ndiye mwenye kazi ya kugundua kilichokuleta; akikosea, unakwenda kwa mwingine. Pengine mgonjwa hafiki kabisa, hutumwa ndugu. Jibu ni la ukoo, maana ukoo ndio utakaochangia gharama. John Janzen aliyaona yanayofanana kwa Wakongo, na katika kitabu chake cha 1978 alionyesha jinsi jamaa wanavyoamua mgonjwa apelekwe wapi na lini.

Hospitali imekuja na utaratibu wa kinyume. Unasema mwenyewe, kila kitu, kwa mtu usiyemjua, naye anabanwa na kiapo kilichoanzia kwa Hippocrates. Si kwamba mila moja ina siri na nyingine haina. Kila moja imechagua wa kuaminiwa: huku damu, kule taaluma.

Mtaa kama Kiseke, Ilemela, huko Usukumani, umekaa katikati. Mtu anaweza kumweleza daktari mambo asiyomwambia kaka yake, lakini muuguzi wa zahanati ya jirani huenda anaimba naye kwaya. Ndiyo maana wapo wanaotumia ARV ambao hupita kliniki ya karibu, wakalipa nauli ya daladala hadi wasikojulikana. Wataalamu hulalamika kwamba hawa wanajificha. Mimi naona wanafanya uchaguzi wenye akili: wanatoa taarifa zao zote, ila wanachagua masikio.

Sasa mfumo wa kielektroniki unaounganisha vituo, ukiachwa bila vizuizi, unaifuta nauli ile. Faili lililofunguliwa mjini linasomeka mtaani. Daftari la shule ambalo wagonjwa wengi wametembea nalo miaka yote kama rekodi ya matibabu hupotea, hulowa mvua, husahaulika nyumbani siku ya dharura (kompyuta inalishinda kwa hayo yote), lakini analishika mgonjwa.

Wakenya walilifikisha suala hili mahakamani. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wenye VVU, na fomu zikataka majina. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaona agizo limevunja haki ya faragha. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayohesabu habari za afya kuwa nyeti. Sheria ni nzuri, lakini hukutana nawe baada ya madhara, ukiwa na uthibitisho. Muuguzi wa kwaya haachi uthibitisho.

Estonia, iliyoanza mfumo wake wa taifa wa rekodi za afya mwaka 2008, imelishughulikia tatizo kwa njia ninayoipenda zaidi: mgonjwa huingia na kuona nani amefungua rekodi zake, na anaweza kuzifunga baadhi. Kwa Kiseke hilo lingemrudishia mgonjwa uchaguzi wa masikio, na mchunguliaji angejua kwamba anaonekana.

Ila Estonia ilijengwa juu ya mtu mmoja na kitambulisho chake cha kidijitali. Hapa zipo nyumba ambamo simu ni moja, na anayeishika ni mume. Taarifa hizo zikitumwa kwa simu, mke aliyepima kliniki na bado anatafuta namna ya kumwambia mwenzake atatumiwa ujumbe kuwa faili lake limefunguliwa, na wa kwanza kuusoma atakuwa yule yule aliyekuwa bado hajaambiwa.