Ufuatiliaji wa Maji ya Hori

Katika ripoti za mazingira, maneno matatu hupokezana nafasi kana kwamba ni mamoja: uchunguzi, upimaji na ufuatiliaji. Aliyechota chupa moja ya maji Tudor, Mombasa, akaipeleka maabara, amepima. Aliyekwenda kujua kwa nini samaki wamekufa amechunguza. Anayefuatilia hurudi palepale, kwa njia ileile, kwa muda mrefu, mpaka mabadiliko yajitokeze. Kitenzi chenyewe kinalibeba hilo: kufuata, kufuatia, kufuatilia. Mnyambuliko ule wa ziada, kama wa kutupa na kutupilia, unaongeza ung'ang'anizi. Watu wa miradi wamelifunga neno hili kwa "tathmini" hadi likanuka makabati ya ofisi, lakini kwa kazi ya maji sioni la kulishinda.

Shida huanza linapofika kwenye hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Maji ya mto huteremka upande mmoja. Maji ya hori huingia na kutoka mara mbili kwa siku, hivyo mahali pamoja pakawa bahari alfajiri na mfereji adhuhuri. Hori la Tudor hupokea mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu kwa juu, na majitaka ya makazi ubavuni, yakiwemo ya Mikindani penye mikoko. Maji yakijaa, uchafu huo huzimuliwa na bahari. Yakipwa, hubaki mzito.

Sasa mpangaji asiyeyajua maji anaandika kwenye ratiba: kila baada ya wiki mbili, Jumatatu, saa nne asubuhi. Yaonekana nidhamu safi. Lakini bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, hurudi kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi, na Mombasa maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, yakapwa mnamo saa nne. Ratiba hiyo ikianza siku ya bamvua, wiki za mwanzo itakuta maji yamekupwa kila mara. Itateleza kidogo kidogo, na baada ya miezi minne na ushei itaangukia maji mafu, yaani yanayojaa na kupwa kidogo, ambayo saa nne huwa yamejaa. Grafu ya uchafu itashuka, na mtu atatangaza kwamba hori limesafika, kumbe hakuna aliyeziba hata bomba moja. Mvuvi yeyote wa pale angemwambia mapema, maana yeye hutazama mwezi wa angani kabla ya kalenda ya ukutani.

Kwa hiyo kwenye hori kinachopaswa kurudiwa "vilevile" ni hali ya maji, na saa ya ukutani itafuata nyuma. Kila sampuli iandikiwe: bamvua au maji mafu, yanajaa au yanakupwa, chumvi kiasi gani, mvua ya mwisho lini. Bila chumvi, kipimo cha bakteria hakina pa kuegemea. Bakteria wenyewe wawe enterokoki, ambao katika maji ya chumvi hudumu kuliko E. koli. Oksijeni nayo ipimwe kungali alfajiri, kwa kuwa usiku mimea ya majini huitumia bila kuizalisha.

Uchotaji una adabu zake. Chupa iliyotakaswa hufunguliwa palepale, huzamishwa kama sentimita 30, mdomo ukielekea mkondo unakotoka ili mkono wa mchotaji usiyachafue maji. Huachwa nafasi ya hewa juu, kisha hutiwa kwenye sanduku la barafu. Maabara iipokee ndani ya saa 6. Msongamano wa magari hauongezi muda huo.

Fedha zikiwa chache, ningepunguza vituo kabla ya kupunguza saa. Vituo viwili, kimoja karibu na mlango wa bahari na kingine juu kwenye mikoko, vichotwe kila saa kwa saa 13 mfululizo, mara moja wakati wa bamvua na mara moja wakati wa maji mafu, kiangazi na masika. Hapo ndipo ratiba ya kila mwezi iandikwe, na tarehe zake zitolewe kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa, hata zikiangukia Jumapili.