Kitabu cha Ukerewe na Mafungu ya Elimu

Desturi ya watunza vitabu ni kuvigawa kwa mafungu: dini mahali pake, hadithi mahali pake, dawa, sheria, kilimo na lugha kadhalika. Desturi hiyo yafaa, maana pasipo utaratibu mtu hawezi kukipata akitakacho. Lakini ina hasara yake. Msomaji huzoea fungu moja, asiingie katika mengine, hata akadhani kwamba elimu yenyewe imekatwa vipande kama kabati. Hasara hiyo yaonekana wazi katika habari za kitabu kimoja cha Ziwa Viktoria.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Mwaka 1905 aliingia shule ya Mapadre Weupe huko Kagunguli; mwaka 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akakaa miaka 10. Huko alisoma Kilatini, Kiyunani, Kijerumani, falsafa na elimu ya Mungu. Basi kijana wa kisiwani alifunguliwa vitabu vya namna nyingi na vya mataifa mengi. Lakini maisha ya Wakerewe, jinsi yalivyokuwa kabla ya kuja wageni, hayakuwamo katika vitabu vile. Yalikaa vichwani mwa wazee, na wazee walikuwa wakifa.

Kitereza akayaandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Kwa sura yake, kitabu ni hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wapendanao lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wamtukana mke kwa utasa wake, hata wazazi wake wamchukua arudi kwao. Na mume hana budi kupeleka pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Afuataye hadithi hiyo hujifunza mengi asiyoyatafuta. Pombe ile haitajwi jina tu, bali msomaji aonyeshwa jinsi itengenezwavyo. Tena pana kazi ya mganga, kilimo, uvuvi, adabu ya wakwe, na desturi za maziko.

Sasa mwalimu wa Kiseke, katika wilaya ya Ilemela kando ya Mwanza, akiletewa kitabu hiki, atakiweka wapi? Ukerewe si mbali naye. Meli za Mwanza hufika Nansio. Akikiweka penye hadithi, atafutaye habari za dawa hatakiona. Akikiweka penye desturi, apendaye hadithi atakipita, akidhani ni kitabu kikavu. Popote kikaapo, kuna msomaji atakayekikosa.

Wala hatari hiyo haikuanzia rafuni. Kikerewe ni lugha ya watu wachache, na kitabu chenyewe ni kirefu. Kwa hiyo maandiko yale yalikaa miaka mingi bila kupata mpiga chapa. Mwenyewe akakitafsiri kwa Kiswahili, na chapa yake Tanzania Publishing House ni ya mwaka 1980. Kitereza alikufa mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia. Tangu alipomaliza kuandika hata chapa ile ya 1980, miaka 35 ilikuwa imepita. Kisha Wajerumani walikisoma kwa lugha yao tangu mwaka 1991. Na mwaka 2002 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye ni mtu wa Ukerewe. Hivyo kazi iliyokosa mlango nyumbani ilikuja kufunguliwa milango ya mbali.

Habari hizi zatufundisha nini sisi tulio na shule na kabati za vitabu? Kitabu kina mwili mmoja, hakiwezi kukaa mahali pawili. Lakini jina lake laweza kuandikwa mara nyingi. Mtunza vitabu asitosheke na karatasi moja ya orodha. Kitabu hiki na kiandikwe penye hadithi, na penye desturi, na penye dawa, na penye uvuvi, na penye lugha. Ni kazi ya dakika chache tu. Na mwanafunzi ajaye kuuliza habari za samaki, akiisha kupewa kitabu cha samaki, aambiwe pia habari za Myombekere. Pengine atakwenda na vyote viwili.