Nyanya za Madrasa na Elimu ya Udongo ya Andalusi





Mwaka mmoja tulipanda nyanya nyuma ya madrasa ili mavuno yatupatie fedha za mikeka. Zilipoanza kuzaa tukaona tuzishibishe, tukamwaga samadi mbichi kwenye kila shina. Majani yakastawi kweli kweli, lakini matunda yakachelewa kuiva na mengi yakawa meusi kitakoni. Mikeka hatukununua. Kosa hilo lilinirudisha kwa wanazuoni waliotutangulia.

Katika karne ya 11 Miladia, mjini Toledo, Andalusi (Hispania ya leo), aliishi Ibn Bassal, mtunza bustani za mtawala al-Ma'mun. Aligawa udongo katika aina kumi, akapambanua na aina za samadi, hata majivu ya hamamu. Toledo ilipoanguka mwaka 1085 (478 Hijria), alihamia Seville na elimu yake. Mji ulipotea, elimu haikupotea. Karibu miaka 100 baadaye, Ibn al-Awwam wa Seville aliandika Kitab al-Filaha, chenye milango 35 na maelezo ya mimea 585. La kwake mwenyewe hakuliandika mpaka alijaribu. Mwaka 1802 kitabu hicho kilichapishwa Madrid pamoja na tafsiri ya Kihispania.

Wazee hao hawakuwa na kipimo cha pH. Hicho kilibuniwa mwaka 1909 na Sørensen, mjini Copenhagen: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni ualikali. Mazao mengi hupenda kati ya 6 na 7. Lakini msingi wao ni uleule: ujue udongo wako kabla ya kuulisha.

Sasa tuone tulipokosea. Mmea mchanga huhitaji naitrojeni kwa ajili ya majani. Ukishazaa, huhitaji zaidi potasiamu ya kujaza matunda. Naitrojeni nyingi wakati huo huurudisha kwenye majani, na huzidisha ule ugonjwa wa kitako cheusi, ambao hutokana na tunda kukosa kalsiamu. Kumwagilia leo na kusahau kesho huuzidisha pia.

Je, turekebishe uchachu mwishoni kwa chokaa? Chokaa huchukua miezi kufanya kazi, basi iwekwe kabla ya kupanda. Majivu yana potasiamu, lakini yakizidi hupandisha pH, na chuma na fosforasi hufungika udongoni hata kama vimo.

Kwa hiyo, wapenzi: samadi iliyooza vizuri itangulie, udongo upimwe mapema, na matunda yakitoka tupunguze samadi na tumwagilie kwa kipimo. Kila jambo lina wakati wake, na pupa si huruma. Hata mtoto tunayemfundisha hatumlishi elimu yote siku ya mtihani.

Msimu uliofuata tulifanya hivyo, na alhamdulillah, mikeka tunayokalia leo imetokana na nyanya.

Wabillahi tawfiq.