Boriti za Rufiji na safari ya bei poa kwenda Uarabuni

Wadau, kuna mjadala usioisha kwa vijana wa mjini tuliomaliza chuo na kuanza kupokea mshahara wa kubangaiza: mtu utafikaje nje ya nchi kwa hela kidogo? Huyu anasema nunua tiketi miezi mitatu kabla. Yule anasema fikia kwa binamu, hoteli waachie wenye nazo. Mwingine anakwambia anza na Lusaka kwa treni ya TAZARA na basi, Dubai itakuja yenyewe. Halafu yupo anayefunga mjadala kwa kusema kwamba habari za kuzunguka dunia na begi mgongoni ni mambo ya wazungu, Mswahili anasafiri kwa msiba, harusi au masomo basi.

Huyu wa mwisho ndiye aliyenifanya nikae chini niandike. Hoja yake haina ukweli, na ushahidi wa kumpinga hauko mbali. Uko Kibiti.

Najua, ukisikia Kibiti unakumbuka mauaji ya kati ya 2015 na 2017, au korosho, au pale basi la Lindi na Mtwara linaposimama watu wachimbe dawa kabla ya kulivuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Wengi hatushuki. Lakini ukiiacha lami ukaelekea mashariki, barabara inakupeleka Nyamisati, na kuanzia hapo nchi inageuka kuwa maji. Mto Rufiji hauingii baharini kwa mlango mmoja, unagawanyika matawi mengi, na katikati ya matawi hayo kuna msitu wa mikoko wenye ukubwa wa hekta 50,000 na zaidi, ambao ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki. Simba Uranga, Kikunya, Msala: hayo ni majina ya milango ya mto. Salale, Mbwera, Kiomboni, Maparoni: hayo ni ya vijiji.

Sasa mkoko una sifa moja. Mti wake ni mgumu, umenyooka, na mchwa wanauogopa. Mafundi wa pwani wanaupanga kwa unene, kila kipimo na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Unahesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini. Na ng'ambo ya bahari, Uarabuni na Ghuba, hakuna msitu wa kutoa mti kama huo. Kuna mchanga, mawe na tende. Kwa hiyo kwa mamia ya miaka nyumba za Muscat, Bahrain, Kuwait na Basra zilipauliwa kwa miti iliyokatwa katika pwani yetu. Wanaosoma majengo ya zamani ya Ghuba wanasema vyumba vyake vilikuwa vyembamba, mita tatu au nne hivi, kwa sababu boriti haikuwa ndefu zaidi ya hapo. Hebu fikiria hilo kidogo. Mti wa Rufiji ndio ulioamua upana wa chumba cha kulala cha mtu wa Kuwait.

Tukirudi kwenye safari. Jahazi lililokuja kuchukua boriti lilileta watu, na lilipoondoka liliondoka na watu. Upepo ndio uliokuwa wakala wa tiketi. Kaskazi inavuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, na hiyo ndiyo iliyowaleta kutoka Arabuni, Ghuba na India. Kuanzia Aprili kusi inashika zamu na kuwarudisha. Ukikosa kusi, unasubiri mwaka mzima, labda uoe kabisa. Wengi walioa, ndiyo maana majina yetu na sura zetu zimechanganyika hivi.

Si jambo la juzi pia. Kuna kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus, kinachotaja bandari ya mwisho ya pwani hii kwa jina la Rhapta. Wataalamu wanabishana mpaka leo ilikuwa wapi. Mwanaakiolojia wetu Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaoelekeza kidole Rufiji, na mwaka 1999 alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizopatikana Mkukutu, huku huku Kibiti. Shanga za Kirumi, Kibiti! Kitabu hicho kinaeleza pia kwamba manahodha Waarabu waliokuja huku waliijua lugha ya wenyeji na walioa kwao. Yaani karibu miaka elfu mbili iliyopita tayari kulikuwa na wageni waliojua kuomba maji kwa lugha ya mwenyeji, jambo ambalo wageni wengi wa leo wenye kamera kubwa hawaliwezi.

Ibn Battuta naye alipita pwani hii mwaka 1331 akielekea Kilwa. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Rika letu! Mkakati wake ulikuwa rahisi: ana elimu ya dini, anajua kuzungumza na wakubwa, kila mji anafikia kwa kadhi au sultani, analishwa na anavishwa. Kilwa alimkuta Sultani Hassan bin Suleiman, aliyesifika kwa ukarimu mpaka akaitwa baba wa zawadi. Halafu upepo ulipogeuka akarudi zake Arabuni, akashukia Dhofar.

Lakini msafiri ninayetaka tumtazame vizuri ni wa karibu zaidi. Alan Villiers, Mwaustralia, baharia na mwandishi wa habari. Katikati ya miaka ya 1930 alizunguka dunia na meli yake ya matanga, safari ikamfilisi, akaiuza meli. Mwaka 1938 akaenda Aden kutafuta namna ya kuishi na mabaharia Waarabu. Akapata nafasi katika bumu la Wakuwait lililoitwa Bayan, nahodha wake kijana aitwaye Ali bin Nasr al-Nejdi. Waliondoka Aden Desemba 1938, wakapita Hadhramaut, Somalia, Lamu, Mombasa, Zanzibar, na hatimaye mwaka 1939 wakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti. Juni mwaka huo walikuwa Kuwait. Mwaka 1940 akachapisha kitabu, Sons of Sinbad.

Kitabu hicho kinafaa sana kwa mtu anayetaka kujua safari ya bei nafuu ilikuwaje kabla ya ndege. Sitahani palijaa abiria zaidi ya mia moja, wengi wao Wahadhrami maskini waliokuwa wanakuja huku kutafuta maisha. Kitanda hakuna. Kila mtu ana kipande chake cha ubao, jua lake na mvua yake. Unga, samaki na tende unakuja navyo. Bandarini maofisa wa uhamiaji wa kikoloni wanauliza maswali: una hela kiasi gani, nani anakupokea? Wasomaji waliowahi kusimama kwenye dirisha la ubalozi watayatambua maswali hayo.

Na mabaharia wenyewe? Hawakuwa na mshahara. Faida ya safari iligawanywa mafungu, la chombo, la nahodha, la kila baharia. Baharia aliruhusiwa kuwa na sanduku lake na kufanya biashara ndogo kila bandari, anauza kitambaa hapa, ananunua kitu pale. Ukitaka kujua wamachinga wa bahari walikuwa nani, ndio hao. Lakini kabla ya kuondoka nyumbani alikuwa ameshachukua hela ya kuachia familia, kwa hiyo anasafiri akiwa anadaiwa na nahodha, na nahodha anadaiwa na mfanyabiashara wa Kuwait. Safari ikienda vibaya, deni linamsubiri nyumbani, pengine mpaka kwa mwanawe. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoyasimulia majahazi kana kwamba ni mashairi matupu. Nauli ilikuwa ndogo kwa sababu kuna mtu aliilipa kwa mgongo.

Rufiji yenyewe Villiers hakuipenda. Kwake ilikuwa tope, mbu, joto na homa. Ukisoma utadhani alitupwa jehanamu. Namwelewa, maana mbu wa delta hawana adabu hata leo. Ila ninachomdai ni kingine. Nahodha wake tunamjua kwa jina, tabia, mpaka wake zake. Al-Nejdi alikufa baharini mwaka 1979, alipokwenda kuvua akakutwa na dhoruba, na huko kwao wameshamtungia riwaya. Picha alizopiga Villiers ziko kwenye jumba la makumbusho ya bahari kule Greenwich. Mkata boriti wa Salale, aliyesimama kwenye tope mpaka kiunoni, akasubiri bamvua ili mtumbwi uelee, akahesabu korija moja baada ya nyingine, yeye yuko wapi? Hayupo. Yuko kama sehemu ya mandhari.

Na mtu huyo alikuwa na historia ya kutosha. Tangu mwaka 1898 Wajerumani walishaiweka misitu ya delta chini ya usimamizi wao, kukata mti wa babu yako kukawa kwa idhini. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vikaanzia vilima vya Matumbi, kusini tu mwa hapo, na Kinjikitile wa Ngarambe akanyongwa Mohoro. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ikaja kujificha ndani ya matawi hayo hayo ya mto, Waingereza wakaifuata mpaka wakaiangamiza Julai 11, 1915. (Hii ndiyo habari ya Rufiji ambayo kila mtalii anaijua. Ina vitabu vyake, siongezi neno.)

Kuna jingine ambalo si haki kulipita. Si kila aliyepanda jahazi kwenda Uarabuni alipanda kwa kupenda. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na kuwasafirisha watumwa kwa bahari kukapigwa marufuku, wafanyabiashara wakawahamishia nchi kavu. Mwingereza Frederic Elton, aliyetembea kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa mwishoni mwa mwaka huo, alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakipitishwa kwenda kaskazini ndani ya mwezi mmoja hivi. Ndiyo njia ya Kilwa hiyo, tunayoipita leo tukiwa tumeweka simu kwenye chaji ndani ya basi. Kwa hiyo tunaposema watu wetu walisafiri, tutenganishe. Wapo waliosafiri, na wapo waliosafirishwa.

Waliosafiri kwa miguu na akili zao wakaandika, nao wapo. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya Waswahili wenyewe kwa Kiswahili. Humo yumo Salim bin Abakari, Mkomoro, aliyefuatana na tajiri wake wa Kijerumani mwaka 1896 kwenda Urusi na Siberia. Gharama zake zilikuwa sifuri kwa sababu alikwenda kama mtumishi, lakini macho aliyotazamia yalikuwa yake. Mtu wa visiwani kwenye baridi ya Siberia, miaka 100 na zaidi kabla hatujaanza kushauriana ni koti gani la mtumba Ilala linafaa kwenda nalo Ulaya! Nikitaka kumjibu yule ndugu wa mambo ya wazungu, namtaja Salim kwanza.

Biashara ya boriti ilikufa taratibu. Mwaka ule ule wa 1938 ambao Villiers aliondoka Aden, mafuta yaligunduliwa Burgan, Kuwait, na yakaanza kusafirishwa mwaka 1946. Mwenye mafuta ananunua saruji na nondo. Chumba kikapanuka. Baharia akapata kazi kampuni ya mafuta, yenye mshahara. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yakavunja nyumba nyingi za biashara zilizokuwa zinapokea majahazi. Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Nasi tulibaki na tamaa ile ile ya kwenda Muscat, lakini upepo haukati tiketi tena: sasa ni ndege ya saa tano na kidogo, viza, na taarifa ya benki inayotakiwa kuonyesha hela ambazo nyingi si zetu, tumeazimana. Deni la baharia wa Bayan limebadili nguo tu.

Nimekaa Nyamisati siku mbili kuuliza habari hizi. Wazee wanaokumbuka majahazi makubwa wamebaki wachache, na walikuwa watoto. Vijana wao wanauliza kama nilivyouliza mimi: Oman unafikaje? Wengine wanakwenda, hasa mabinti, kwa kazi za ndani, wakipitia kwa mawakala. Hao ndio wasafiri wa bei nafuu wa zama hizi, na simulizi zao hazijapata Velten wala Villiers.

Kwa anayetaka kwenda kuona mwenyewe: panda basi la kusini asubuhi Mbagala Rangi Tatu, shuka Bungu, kisha tafuta gari au bodaboda ya Nyamisati, ambako ndiko pia boti za Mafia zinakoondokea. Hapo kodi mtumbwi wa mashine mkiwa watatu au wanne mgawane mafuta. Nenda kati ya Julai na Oktoba, nje ya masika. Beba chandarua. Na kabla ya kuondoka gatini muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu yakitoka mkiwa ndani ya mikoko, mtakaa kwenye tope saa sita mkisubiri yarudi.