Gavana ya kasi ya prosesa (Linux)

Gavana ya kasi, si gavana wa kaunti, ni sehemu ya kerneli ya Linux inayoamua prosesa ikimbie kiasi gani. Jina hilo si geni Kikopey, kituo cha nyama choma karibu na Gilgil: matatu za barabara ya Nairobi na Nakuru zilifungwa kifaa chenye jina hilo kwa kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Kwa laptopu inayotumika huko, kushusha dari ya kasi, yaani kikomo ambacho gavana haiwezi kukipita, ndiyo dawa ya kwanza ya joto, kabla hata ya kununua feni ya nje. Baridi ya asubuhi hudanganya. Feni hupoza kwa wingi wa hewa inayosukuma, na kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 kuliko ya usawa wa bahari. Uhaba huohuo wa hewa hufanya maji yachemke kwenye nyuzi 93 hivi, githeri ikachelewa kuiva. Moshi wenye mafuta ya nyama nao hulifanya vumbi ligande kati ya vibati vya kupozea.

Tuchukue Core i5-6300U, prosesa inayopatikana kwenye EliteBook 840 G3 za mitumba. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.4, ya kilele 3.0. Umeme inaokula hufuata kasi mara kipeo cha pili cha volteji. Kwa hiyo kasi ikipanda robo na volteji ikalazimika kupanda asilimia 15 tu, ulaji huruka kwa karibu asilimia 65, na wote huishia kuwa joto. Kuandika 2400000 katika faili ya scaling_max_freq ya kila kiini, kwa ruhusa ya msimamizi, huikata robo hiyo ghali. Kuchagua gavana ya powersave peke yake hakutoshi: chini ya dereva wa intel_pstate jina hilo linapotosha, kwani mzigo ukija kasi hupanda vilevile.

Atasema mtu kwamba prosesa hujilinda, hupunguza kasi yenyewe inapokaribia nyuzi 100. Kweli, lakini inalinda silikoni, si kazi wala betri iliyo jirani yake. Na kasi inayopanda na kuanguka haimfai anayekata video saa nzima. Hoja nzito zaidi ni kwamba prosesa ikimaliza haraka hulala mapema. Kwa kufungua ukurasa au hesabu ya sekunde mbili, hoja hiyo inasimama, na dari haina faida kubwa. Haisimami pale kazi isipoisha kabla ya vibati kujaa joto. Kusafisha vumbi bado ni lazima, maana dari haizibui feni. Namba iliyoandikwa hufutika mashine ikizimwa. Programu ya TLP ikiwekewa dari hiyo huirudisha kila mashine inapowaka.